Nani Alikutuma? Maisha ya Mama Agathe Kaomba, 1931–1989

Ndugu na jamaa, wakristo wenzetu wa Kataki, majirani wa Kamkolobondo, na ninyi mliofika jana kwa mashua kutoka Zongwe na Moba: mimi ni Théophile, mdogo wake marehemu. Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wangu, na kuna mahali ndani yake nitajisema vibaya. Msishangae. Yeye mwenyewe aliniagiza nisifiche kitu, nanyi mnajua hakuwa mtu wa kukataliwa.

Mama Agathe alizaliwa Zongwe tarehe 12 Mei 1931, mtoto wa tatu wa Papa Anatole Katempa na Mama Emilie. Papa wetu alikuwa mtangazaji wa sultani wa kijiji. Kila jioni penye habari alipita katikati ya nyumba na kengele ya chuma, akaigonga mara tatu kwa kijiti, akapaza sauti: "Sultani anasema!" Hapo hata wazee waliomzidi umri waliacha chakula wakasikiliza. Papa alikuwa mfupi, shamba lake dogo, na nyumbani Mama alimpita kwa maneno. Lakini akiwa na kengele mkononi kijiji kizima kilimtii, kwa kuwa maneno hayakuwa yake.

Mwaka 1939 Papa alishikwa na homa kali, na kesho yake alipaswa kwenda kwenye kazi ya barabara ya Wabelgiji pamoja na wanaume wote. Agathe, mwenye miaka minane, alitaka baba yake apumzike. Akashusha kengele ukutani, akapita kijiji kizima na kasauti kake: "Sultani anasema! Kesho hakuna kazi ya barabara!" Watu wakafurahi, wakalala mpaka jua likapanda. Barabarani alibaki sultani peke yake na Mzungu aliyefura kwa hasira.

Mtoto akaitwa barazani. Sultani hakumpiga. Alimwuliza tu, "Nani alikutuma?" Yaya, ndivyo nilivyomwita huyu dada yangu mkubwa, alikuwa akituambia kwamba afadhali angechapwa fimbo, maana swali lile hakuwa na pa kulijibia. Jioni Papa alimketisha karibu na kitanda chake akamwambia: "Kaomba, wakikutuma, piga kelele mpaka kiziwi asikie, usiseme labda. Wasipokutuma, kengele ibaki ukutani." Ninaomba mlishike jambo hili, kwa sababu maisha yake yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Alisoma kwa masista wa Baudouinville, mji tunaouita Moba leo, kuanzia 1940 hadi 1944. Aliandika mwandiko mzuri kuliko wangu, na mimi ndiye mwalimu. Mama yetu alipofariki mwaka ule wa 1944 aliacha darasa la nne akarudi Zongwe kunilea. Nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na mitatu. Shule aliyoiacha yeye nimeimaliza mimi, na sikumbuki kama niliwahi kumshukuru vizuri kabla ya leo.

Tarehe 20 Agosti 1949 alifunga ndoa na Papa Gaspard Mulunda, mwendesha kreni wa bandari ya Albertville, Kalemie ya sasa. Mungu aliwapa watoto sita, akawachukua wawili wangali wadogo. Papa Gaspard alikuwa mpole, asiyesema sana. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba nyumba yao ni ndogo na sauti moja inaitosha. Walipendana sana hadi alipofariki, mwaka 1980.

Kazi ya Yaya ilikuwa ndagala. Kwa miaka thelathini na mitano alianika samaki hao wadogo kwenye mchanga wa ufuko, akawageuza, akawapepeta, akawafunga magunia yaliyopanda treni kwenda Nyunzu. Papa wetu alipofariki mwaka 1958 kengele alimwachia Yaya, si mimi. Nilinuna mwezi mzima. Na mwaka 1972, majina ya kikristo yalipoondolewa kwenye vitambulisho, kadi yake iliandikwa Citoyenne, yaani Mwananchi, Kaomba wa Katempa. Alikwenda biro ya serikali kuichukua, akasaini, akamwambia karani kwa adabu zote, "Asante, Papa. Agathe amesikia."

Sasa nifike pale penye kazi. Tulibatizwa pamoja hapa Kataki mwaka 1967. Baadaye Yaya alianza kuomba kwa namna isiyozoeleka kanisani mwetu. Alisimama wima, akagonga kengele ya Papa mara tatu, akasema, "Mungu anasema!" Kisha akaiambia hofu iondoke, akauambia uchungu wa wenye ugomvi unyamaze. Wengine walifurahi. Mimi niliogopa, na sababu yangu haikuwa ndogo. Mwaka 1964, katika vita vya waasi wa Mulele, niliwaona kwa macho yangu vijana niliowafundisha kusoma wakikimbilia bunduki, wakipiga kelele neno walilofundishwa, wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Niliwazika wanne. Tangu hapo kila aliyepaza sauti kuamuru jambo alinitia hofu.

Basi ikaja siku ya Novemba 1974. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameanika ndagala ufukoni, na wingu jeusi likatokea upande wa milima. Wenzake wakaanza kukusanya mbio mbio. Yaya akapanda juu ya jiwe, akagonga kengele: "Mungu anasema! Leo mvua hainyeshi!" Wanawake wakaacha kukusanya, kwa kuwa walimwamini. Mvua ikanyesha kwa muda wa saa tatu bila kupumzika. Ndagala wote waligeuka uji, na harufu yao mtaa mzima uliibeba wiki nzima. Mama Bibiane, mjane, aliyekuwa hana kitu kingine chochote, aliketi kwenye mchanga uliolowa na kulia.

Yaya alimwendea. Mama Bibiane akamwangalia na kumwuliza, bila kujua alichokuwa anakigusa: "Mama Agathe, nani alikutuma useme ile?"

Yaya alirudi nyumbani akatundika kengele ukutani. Siku tatu hakula. Kisha alipita kwa wale wanawake mmoja mmoja kuomba msamaha, na msimu wote uliobaki alimwanikia Mama Bibiane kwanza, yeye mwenyewe baadaye. Baraza la wazee wa kanisa lilimweka benchi la nyuma miezi sita, naye alikubali, akasema ni haki. Lakini mimi, katibu wa baraza, sikuridhika. Niliandika kanuni, nikaisimamia mpaka ikapita: katika kanisa la Kataki, mtu yeyote asiombe kwa kuamuru, na kila ombi, liwe lolote, limalizike kwa maneno "kama ukipenda".

Hiyo Yaya aliikataa. Alinijia nyumbani, hakutaka hata kiti.

"Théophile, kosa yangu haikuwa kutangaza. Kosa yangu njo kutangaza kitu sikutumwa. Nilitaka samaki zangu zikauke, nikaweka jina ya Mungu juu yake."

"Ndiyo maana tumekataza, Yaya."

"Mutangazaji akisema uongo mara moja, munakata wote ulimi? Na habari ya kweli ataipeleka nani? Kuko mambo Mungu amekwisha kusema. Hayo mutu wake akiyasema, anasema kwa nguvu ya Mwenyewe. Huwezi kuyawekea 'kama ukipenda'. Amekwisha kupenda!"

Nilimwambia kanuni ni kanuni. Alinicheka, akaondoka. Tangu siku hiyo kwake lilibaki jambo moja asiloliacha: kanisa lake likubali kwamba mtoto wa Mungu anaweza kusema neno la Baba yake bila kuomba radhi. Kila mwaka kwenye mkutano mkuu alinyanyua mkono kuliuliza. Kila mwaka nilimjibu kwa ukurasa na namba ya kanuni.

Mwaka 1977 jambo lilifika nyumbani kwangu. Mke wangu Alphonsine alikuwa na mimba, na mzee mmoja mwenye kuogopwa, aliyegombana nasi juu ya mpaka wa kiwanja, alimwambia mbele ya watu: "Wewe na hicho kilicho tumboni, hamtaona Pasaka." Alphonsine aliacha kula. Akakonda, akageukia ukutani. Kila jioni nilipiga magoti nikaomba kwa kanuni yangu mwenyewe, na kila nilipofika kwenye "kama ukipenda" nilimwona anafumba macho. Yeye alisikia kwamba hata Mungu bado anafikiria.

Yaya aliingia Jumapili mchana na kengele chini ya kitenge. Hakuigonga. Aliketi na Maandiko magotini akasoma kwa muda mrefu, midomo tu ikitikisika, mpaka nikachoka kungoja. Ndipo aliposimama.

Aligonga mara tatu. "Mungu anasema! Alphonsine ni wa Yesu. Amenunuliwa, amesamehewa, hakuna mutu mwenye hukumu juu yake. Neno ya yule muzee haina nguvu ndani ya nyumba hii. Alphonsine, amuka, ukule!"

Na mke wangu aliamka, akala. Sombe ya majani ya muhogo na bugali, sahani mbili. Nilisimama mlangoni nikilia, nikamshika Yaya mkono: "Tangaza na hili sasa, kwamba atazaa salama."

Aliiweka kengele mezani. "Hiyo sikutumwa, mudogo wangu. Kwamba yeye ni wa Yesu, imeandikwa, niliitangaza. Kwamba atazaa bila shida, hakuna mahali nimeisoma. Hiyo tutaiomba." Akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya udongo, akaomba kama mtoto anayeomba mkate, na mwisho, niliposikiliza vizuri, akasema, "Baba, kama ukipenda."

Pasaka ilikuwa tarehe 10 Aprili. Lucie alizaliwa tarehe 16. Simama, Lucie, watu wakuone. Ana miaka kumi na moja na anakula kuliko mimi.

Nilipaswa kwenda barazani wiki ileile kuifuta kanuni. Sikwenda. Niliona haya kukubali kwamba katibu alikosea mbele ya dada yake wa darasa la nne. Miaka kumi na miwili nilinyamaza, na yeye hakunisengenya kwa mtu.

Julai 1988 alianza kuumwa tumbo, likavimba. Alilazwa hospitali mara mbili, na Desemba waganga wa huko walituambia twende naye nyumbani. Vijana wa kundi la maombi walikuja, wakasimama kuzunguka kitanda, wakapaza sauti kwamba ugonjwa hauna ruhusa na kwamba Jumapili Mama Agathe atacheza kanisani. Aliwaacha wamalize. Kisha akauliza taratibu, "Watoto wangu, nani aliwatuma?" Akawashika mikono: "Musiogope, na mimi niliulizwa hiyo, mara mbili. Kupona naomba kila asubuhi, na ninyi muniombee. Lakini sijapewa niitangaze. Nimepewa ingine." Nao wakapiga magoti wakaomba, na wengine wao ndio waliobeba jeneza leo.

Wiki iliyopita alinitaka nikae peke yangu naye. "Kanuni yenu iko bado?"

"Iko, Yaya."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanionyesha kengele ukutani. "Ichukue. Siku ya kunizika kuko neno moja utasema, na usiseme labda. Hili nimetumwa, na mimi nakutuma wewe." Akaniambia neno lenyewe. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 1989, saa tatu asubuhi, binti yake Emilie akimshika kichwa na mimi miguu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

Marehemu ameacha watoto wanne: Pascal wa Nyunzu, Emilie wa Moba, Eugène na Anne wa hapa Kalemie, wajukuu kumi na saba, mdogo wake mimi na mke wangu Alphonsine, na Mama Bibiane, aliyekuwa naye ufukoni hadi mwisho, ambaye jana usiku aliniambia, "Papa Théophile, mimi nilikwisha kumusamehe siku ileile. Ulikuwa wewe tu umebakia."

Mchungaji Basile, uketi tu, Papa. Najua kanuni inasemaje, niliiandika mimi. Leo naivunja mbele ya kanisa zima, na Jumapili nitakuja na kalamu kuifuta. Yaya wangu, aliyeniachia shule yake, alitaka jambo moja tu kwetu, nami ndiye niliyemnyima. Nisamehe, Yaya. Sasa tusimame wote.

(Hapa kengele inapigwa mara tatu.)

Mungu anasema! Agathe Kaomba ni wa Yesu, na kaburi hili halitamshika. Litafunguliwa. Atatoka humu na sauti yake yote, na kifo hakitakuwa na la kujibu. Hili halina labda, halina "kama ukipenda", kwa maana Yeye amekwisha kupenda.

Nanyi mkiniuliza nani alinituma, nina jibu.

Pumzika kwa amani, Yaya, mpaka utakapoitwa kwa jina.