Mwalimu Pothen Eapen (1938–2019), Aliyeipima Kona ya Manakkunnu

Baba yetu, Mwalimu Pothen Eapen, alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 kijijini Manakkunnu, wilaya ya Kottayam, Kerala. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Eapen, aliyekuwa akigema utomvu wa mpira, na marehemu Mariamma.

Alianza shule ya msingi ya kanisa letu mwaka 1943, akamaliza sekondari mwaka 1954, na mwaka 1959 akapata shahada ya fizikia mjini Kottayam. Mama yake alitaka awe kasisi. Alimjibu kwamba kasisi huulizwa maswali, naye alitaka kukaa upande wa wanaouliza.

Tarehe 5 Juni 1961 aliajiriwa kufundisha fizikia katika sekondari ya hapa kijijini, na hakuondoka mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 1993. Kila mwaka alifungua somo la kwanza kwa kudondosha jiwe mezani. “Kesho nikiliachia, litapaa?” Darasa lote lilikataa. “Mmejuaje? Kesho nani ameiona?” Mzazi mmoja alikuja juu, akimwita Saar kama mwalimu anavyoitwa kwetu: “Saar, nimemleta mtoto asome fizikia, wewe unamtia wasiwasi na kesho!” Baba alimpa kiti, naye akaondoka jioni bila jibu, ila na wasiwasi uleule wa mtoto wake.

Alimuoa mama yetu, Saramma, tarehe 22 Januari 1966. Siku alipopelekwa kwao kumwona, wazee walipowapisha kidogo, alimwambia kwamba mwezi unaanguka kama nazi inavyoanguka. Mama akasema, “Kama unaanguka, mbona haufiki?” Njiani kurudi Baba alimwambia babu asihangaike kutafuta kwingine. Walijaliwa watoto wawili: mimi Shoshamma, mwaka 1967, na Reji, mwaka 1971.

Reji alifariki Jumapili tarehe 14 Julai 1991, kwa pikipiki, mvua ikinyesha, kwenye kona iliyo chini ya shule. Waombolezaji walisema mambo mawili: wengine kwamba vijana wa siku hizi wana mbio, wengine kwamba Mungu amemtaka. Siku ya tano Baba alichukua kamba ya kupimia akaenda kwenye kona. Watu walidhani amerukwa na akili. Alirudi ameloa, akakaa mezani na karatasi, kisha akamwambia Mama kwamba kwa kona kali kiasi kile, na barabara imelala upande wa nje, kitu chochote kinachopita kilomita arobaini kwa saa kwenye mvua kitatoka nje ya barabara.

“Kwa hiyo Mungu hakuwepo?” Mama aliuliza.

“Sijasema hivyo. Nimesema sheria ya maumbile haikumchagua mwanetu. Angepita hata kasisi, Yohannan Achen, kwa mwendo ule, naye angeanguka.”

“Mtoto yuko kaburini, wewe unanifanyia hesabu.”

Mama hakusema naye tena kwa miezi kumi na minne. Chakula alimwekea, nguo alimfulia, ila neno hakumpa.

Kuanzia Jumatatu tarehe 5 Agosti 1991 Baba aliomba ruhusa ya asubuhi kila wiki akaenda ofisi ya barabara na karatasi zake. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi. Jumatatu moja ya Oktoba 1992 alikaa kitandani hakuvaa. Mama alisimama mlangoni, ameshika mwavuli wa Baba. “Leo Jumatatu,” alisema. “Huendi?” Akaenda. Kona ilijengwa upya Februari 1995, ikainuliwa upande wa nje, na hajafa mtu pale tangu hapo.

Lakini hakupumzika. Kila Jumamosi, kwenye baraza letu, alibishana na kasisi wetu, Yohannan Achen. Alitaka kujua kama sheria za maumbile huamuru, au hueleza tu yanayotokea. Kama huamuru, nani amezitoa, na kwa nini hazina huruma? Kama hueleza tu, kinachozuia jiwe lisipae kesho ni nini? Na kama kila kitu kinakwenda kwa sheria, Reji angeweza kupunguza mwendo, au hakuweza? Hilo la mwisho aliliuliza kwa sauti ya chini. Achen alimwambia, “Saar, mimi naomba tu. Hesabu zako zinanichosha.” Baba akasema, “Na mimi zimenichosha, Achen. Ila zikiniacha nitabaki na nini?”

Moyo wake ulianza kushindwa mwaka 2015. Kwa miaka minne tulimwinua, tulimwogesha, tulimlisha kanji, uji wa mchele, kwa kijiko. Mwaka huu, nilipokuwa nikimbadilishia shuka, aliniuliza, “Umechoka, mwanangu?” Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikasema, “Nimechoka, Appacha.” Akasema, “Ni haki yako. Nikikaa safi mimi, nguvu imekutoka wewe. Haitoki hewani.” Hakuna shukrani nyingine aliyonipa, na sikuhitaji nyingine. Achen alipomletea sakramenti alimuuliza kama amepata jibu lolote. “Sijapata,” alisema. “Endeleeni bila mimi.” Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa kumi alasiri, Mama amemshika mkono.

Ameacha mjane wake, Saramma. Mimi, binti yake. Mkwe wake, Varkey. Mjukuu mmoja, Anila. Dada yake mdogo, Eliamma. Na wanafunzi wa miaka thelathini na miwili, ambao wengi wamesimama hapa na mvi zao. Mama ameniomba niongeze kwamba alimsamehe zamani, tangu siku ya mwavuli, ila hakuwahi kumwambia. Anamwambia leo.

Mungu ampokee mwalimu wetu, ampe pumziko la amani.