Flugelhoni ya Bwana Onno na Watu wa Kwenye Santuri

Tarehe 31 Machi mwaka huu wa 1994, Bwana Onno Saathoff anafunga sanduku la flugelhoni yake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika orkestra yetu ya muziki laini hapa Hamburg. Mimi Birte, mwanagenzi wa chumba cha kurekodi, nimepewa kazi ya kuandika maneno ya kumuaga, eti kwa sababu vijana huandika upesi. Nakiri kwamba nimesomeshwa kwa Kideni na kwa Kijerumani, na katika lugha zote mbili ninachokiweza zaidi ni kunyamaza. Mtanivumilia.

Bwana Onno ni mzaliwa wa Emden. Alianza kupuliza katika bendi ya kiwanda cha meli, wakishindana na upepo wa bahari, na kwa maelezo yake upepo ndio ulioshinda. Alipokuja kujaribiwa hapa mwaka 1961, alipuliza kwa nguvu hadi kiongozi wetu wa kwanza akaziba masikio. "Kijana, hapa hatuiti meli! Piga kama mtu anayemfunika mtoto blanketi." Flugelhoni ni ndugu mnene wa tarumbeta, na sauti yake haina kona. Tangu siku ile Bwana Onno ameifunika nusu ya nchi hii blanketi.

Ajabu ni kwamba nchi haimjui. Kwenye majalada ya santuri zetu kulikuwa na jina la kiongozi na picha ya binti anayecheka, wapigaji hawakutajwa. Lakini kila aliyemenya viazi Jumapili huku redio imewashwa, au aliyesubiri kung'olewa jino, amewahi kutulizwa na pumzi ya Bwana Onno. Wajuaji wanatuita muziki wa lifti, wa kupitisha muda tu. Yeye hakasiriki.

"Afadhali lifti," husema. "Mtu wa kwenye lifti angalau anapanda."

"Na anayeshuka je?" humchokoza Lüder, mpiga ngoma wetu.

"Basi anashuka na sisi, mzee mwenzangu. Ungetaka ashuke peke yake?"

Mgeni akija studio humkaribisha chai ya kwao: sukari ya mawe chini, chai juu, kisha tone la krimu ukingoni. Ole wako ukoroge! Siku yangu ya kwanza nilikoroga. Alikitazama kijiko changu kwa huruma, akanimiminia kikombe kingine.

Wenzangu wa rika langu huenda hawajui jinsi santuri zetu za sherehe zilivyorekodiwa. Orkestra ilikaa upande mmoja. Upande wa pili walialikwa wake, waume na majirani, wakapewa juisi ya tufaha kwenye glasi za shampeni, wakaambiwa wacheke na kugonganisha glasi muziki ukiendelea. Mtu aliyekaa peke yake nyumbani akiweka santuri alijikuta katikati ya watu. Mke wa Bwana Onno, Bi Hilke, fundi cherehani aliyetushonea makoti ya bluu, hakukosa hata mara moja. Kicheko chake kilianza chini kama birika linalopata moto, halafu kikafurika. Tulimzika mwaka juzi.

Majira haya ya baridi tuliamua kutoa upya santuri ya mwaka 1971 kwenye CD. Fundi wetu wa sauti, Malte, alifanya kazi kwa bidii. Aliondoa mikwaruzo, akaondoa mvumo, na kwa kuwa sauti za watu zilirekodiwa kwenye mstari wao wa kanda, mbali na muziki, akawazima nao. Wapigaji wakongwe walialikwa kusikiliza. Wimbo wa kwanza ulipoisha, Malte aliwageukia.

"Safi, sivyo?" Malte akauliza.

"Safi kama mochwari," Lüder akajibu. "Watu wako wapi?"

"Ile kelele? Nimeitoa."

Bwana Onno alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mwanangu, ile haikuwa kelele," akasema. "Mmoja wao alikuwa mke wangu."

Malte aliiva uso mzima kwa aibu. Lakini meneja wetu, Bi Tietjen, aliyekaa nasi, alishasema kwamba wanunuzi wa leo wanataka muziki mtupu, na kiwanda cha CD kilikuwa kinasubiri. Hapo mtu ambaye hajawahi kuomba hata kubadilishiwa kiti alisimama.

"Basi Bi Tietjen, naomba mnitoe na mimi. Pale nilikuwa nampigia yeye. Sioni nitafanya nini humo peke yangu."

Bi Tietjen si mtu wa kuyumbishwa. Alimwambia Malte apige tena ile sehemu ya flugelhoni peke yake, asikie ni kitu gani hasa kinachogombewa. Bila watu, Bwana Onno alisikika amechelewa kuingia, kama mtu aliyesahau zamu yake. "Hata hapa pana kosa," Bi Tietjen akasema. Malte aliwasha mstari wa watu, akarudisha kanda nyuma. Birika likapata moto, likafurika, likatulia. Ndipo flugelhoni ikaingia, taratibu, kama mtu anayesogeza kiti karibu.

Hakuchelewa. Alimsubiri mkewe amalize kucheka.

"Warudishe watu wote, Malte," Bi Tietjen akasema. "Na kiwanda waambie nimesema mimi."

CD imetoka wiki iliyopita, na safari hii majina ya wapigaji yote yameandikwa, na ya wachekaji pia. Bwana Onno hana mashine ya kuipigia, kwa hiyo tumechanga tukamnunulia moja. Malte ataifunga nyumbani kwake Jumamosi. Atapewa chai, na nimeshamwonya kuhusu kijiko.

Bwana Onno, asante kwa pumzi yako yote. Tunakuombea uzee mtamu, mapafu mazima na jioni zisizo na haraka. Na nyumba ikiwa kimya mno, bonyeza wimbo wa kwanza. Sherehe nzima iko humo, na Bi Hilke amesimama mbele.