Mikono Iliyokataa Rangi

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Mnaonifahamu hapa Kiseke mnajua nilikuwa mtu wa batiki. Kwa miaka mingi nimeyeyusha nta, nimechora samaki na mawe ya ziwani, nimechovya vitambaa kwenye rangi. Glavu sikuvaa. Nilisema zinaninyima kukihisi kitambaa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mikono ndiyo iliyoniacha. Ilianza kuwasha, ikavimba, ngozi ikapasuka, hata kifungo cha blauzi nikawa namwomba mume wangu anifungie. Daktari akasema nina mzio wa zile rangi, na kwa kuwa hata mvuke wake ulishaanza kunibana kifua, niache kabisa.

Nikaacha. Mabeseni nikampa dada mmoja niliyemfundisha kazi. Mwaka mzima nilikaa nyumbani, mikono imepona, mimi sijapona. Mnacheka, lakini nilikuwa napita nyuma ya nyumba yake makusudi, nisikie tu harufu ya nta. Nikiona kitambaa kimeanikwa, nageuza uso. Mume wangu akanishauri nijaribu kushona. Nikamjibu kwamba kushona kuna mafundi wake, mimi ni mchoraji. Kiburi hicho.

Siku moja akaja jirani yangu, ambaye alikuwa amemzika mama yake kule Bujora miezi michache nyuma. Alileta mfuko wa kanga na vitenge vya marehemu, akataka nimtengenezee shuka. Nikamweleza kuwa batiki siwezi tena, aende kwa wengine.

Akasema taratibu, "Dada, sijaja kutafuta batiki. Nguo za mama siwezi kuzivaa, siwezi kuzigawa. Nitafutie namna ya kukaa nazo."

Nilishindwa kumkatalia. Kanga ya kwanza ilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni, katikati imepauka kwa kubebea watoto mgongoni. Nikakata vipande, nikavipanga sakafuni, nikivihamisha rangi kwa rangi. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo, nikaufumua mara tatu. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niugue, nilisahau kula.

Alipokuja kulichukua shuka, alipapasa kipande kimoja kimoja. Akafika kwenye kile kilichopauka.

"Hapa nililala mimi," akasema.

Akajifunika, akalia. Nami nikalia. Yeye alimlilia mama yake. Mimi niliililia kazi yangu, kilio nilichokizuia mwaka mzima.

Sasa nashona. Sitawadanganya kwamba hamu imekwisha. Kuna asubuhi naamka nikiitaka rangi kama mtu anayemtaka aliyesafiri. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu kwa kunivumilia, na jirani yangu, ambaye yuko humu ndani na hataki nimtaje.

Kama kuna aliyeachwa na kazi aliyoipenda, namwomba ailie, asijifanye hajali. Na akiletewa kazi asiyoitaka, aishike kwanza mkononi ndipo aikatae. Mimi yule jirani nilikuwa nimeshamwambia aende kwa wengine.