Mzee Swichi na Supu ya 511

Kabla ya kumsifu mtu katika karatasi hii ya kumuaga, ni lazima niungame jambo ambalo sijamwambia yeyote, hata mama yangu. Kwa siku tisa nimekula chakula cha watoto mapacha ambao hawajawahi kuzaliwa. Mbele mtaelewa kwa nini hilo linaingia kwenye wasifu wa mtu mwingine.

Mwangalizi wetu wa majengo, ambaye sote tunamwita Mzee Swichi, anastaafu leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Alipoajiriwa, bwawa la kuogelea lilikuwa bado shimo lenye udongo. Aliambiwa ajiandae, kwamba ndani ya mwaka mmoja wakazi watakuwa wengi hadi akose nafasi ya kupumua. Majengo ni matano, nyumba mia tatu na arobaini, zote zinatazama bahari. Mpaka leo zinazokaliwa ni ishirini na tatu.

Watu hudhani nyumba tupu haina kazi. Nyumba isiyo na mtu haitulii. Bomba lisipofunguliwa, maji ya kwenye kona ya bomba chini ya sinki hukauka na harufu ya mtaro hupanda hadi sebuleni. Chumvi hula bawaba. Upepo husukuma milango ya vioo mchana kutwa, ikatetemeka kama kuna mtu ndani anayetaka kutoka. Kwa hiyo Mzee Swichi alitembea. Ghorofa hadi ghorofa, alifungua bomba, akavuta maji ya choo, akafunga, akaenda mlango unaofuata. Nimemfuata miezi minne kama msaidizi wake, tangu nilipofanya mtihani wa mwisho wa shule, na sijamwona ameketi kwa zaidi ya dakika tano. Hata chai huinywa amesimama, macho yake yakiwa juu madirishani.

Kila mlango aliupigia hodi kwanza, hata wa nyumba ambayo haijapata kukaliwa. Na katika miaka yote hiyo hakunywa hata glasi moja ya maji ndani ya nyumba aliyoshika funguo zake. Alibeba chupa yake mwenyewe. Barua za pongezi anazo nne, lakini jambo alilojivunia ni hilo.

Wakongwe wanakumbuka siku aliyokwama kwenye lifti ya jengo la tatu tangu asubuhi. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna anayeipanda. Mpishi wa wafanyakazi ndiye aliyeona sahani yake ya mchana imepoa, akapiga kelele. Walipomtoa, Mzee alikuwa ameshakaza skrubu zote zilizolegea humo ndani.

Jina lake lilitokana na taa. Ofisi ya mauzo ilitaka madirisha yawake jioni ili wanaokuja kutazama nyumba wasikute giza. Mwanzoni ziliwaka zote kwa mpigo, na mlinzi wa geti akasema pamekuwa kama kiwanda. Mzee akanunua daftari, akabuni wakazi, akawa anawasha na kuzima taa kwa ratiba zao. Nyumba 307 akamweka muuguzi wa zamu, taa ya bafuni inawaka kabla ya mapambazuko. Nyumba 511 akaweka mwalimu mwenye mapacha. Chumba cha watoto kinazimwa saa mbili, sebule inabaki mpaka saa nne kwa sababu mwalimu anasahihisha madaftari.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu wa mauzo alimleta bibi mmoja mjane kutazama nyumba 512. Bibi akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama pembeni na lile daftari mkononi: "Eti mjukuu wangu, hapo jirani anakaa nani?" Mimi si mwongeaji, kila mtu anajua. Nikasema kilichoandikwa. "Mwalimu, Bibi. Ana mapacha." Mtu wa mauzo akatabasamu hadi masikioni. Bibi akauza nyumba yake ya zamani, akahamia.

Wiki ya kwanza akaweka bakuli la supu mbele ya mlango wa 511, limefunikwa kitambaa safi, kwa ajili ya watoto. Nilishindwa kuiacha supu iozee pale, nikashindwa pia kusema. Nikainywa kwenye ngazi, nikaosha bakuli, nikalirudisha mlangoni kwake. Alileta nyingine kila siku, na siku ya nne aliongeza nyama, kwa sababu watoto wanakua.

Mzee hakujua habari ya supu. Lakini niliyomwambia Bibi kuhusu mapacha, niliposhindwa kuvumilia, nilimweleza, na Jumanne akanichukua tukaenda pamoja kwa Bibi. Alisema hawezi kuondoka na uongo aliouandika kwa mkono wake.

"Bibi, hapo pembeni hakuna mtu. Taa nawasha mimi."

"Na mwalimu?"

"Ni mimi."

"Na mapacha?"

"Mimi, Bibi. Nisamehe."

"Na supu yangu? Bakuli lilirudi limeoshwa. Usiniambie imenywewa na taa!"

Mzee akanitazama. Nikaangalia sakafu. Akamgeukia Bibi na kusema, "Hiyo pia ni mimi."

"Mzee mzima! Nimefuata majirani, kumbe nimehamia kwenye daftari la mlafi!" Mlango ukafungwa.

Mnajua yaliyofuata, kwa sababu Bibi alilalamika mpaka getini. Fundi wa bwawa kila mchana anauliza, "Mzee, mapacha wameshiba?" Mpishi naye: "Chukua chako, na cha watoto." Mzee anacheka pamoja nanyi. Lakini tangu Jumanne hamalizi sahani yake. Jana alipanda kumuaga Bibi, akapiga hodi mara tatu. Nilisikia kiti kikivutwa ndani, na hakuna aliyefungua.

Jamani, si yeye. Ni mimi. Mzee Swichi anatoka hapa kama alivyoingia, hajaonja cha mtu.

Babu, asante kwa hodi zote, kwa mabomba, na kwa kunifundisha kubeba chupa yangu. Kwa binti yako unakokwenda, nyumba imejaa wajukuu, na taa watawasha wenyewe. Keti, Babu. Tunakuombea siku ndefu zenye watu.

Gari lake linaondoka saa kumi. Mkianza kukata keki, mimi nitakuwa napanda ghorofa ya tano kumwambia Bibi, nikijaribu kumleta chini amuage Mzee. Kwa hiyo nawaomba, karatasi hii isifike kwa Bibi kabla yangu. Ikunjeni, muiweke mfukoni, na mtu yeyote asiseme neno mpaka mtakapotuona tunashuka.