Breka Kubwa ya Fundi Giza

Nje ya kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi refu lililopinda katikati kwa uzito wa maneno. Jioni ile fundi umeme wa kiwanda cha maboksi alikuwa amekaa ukingoni, mfuko wa zana magotini. Watani wake walimwita Giza, kwa kuwa kila alipoitwa kurekebisha taa moja, kwanza nyumba nzima ililala gizani. Siku hiyo utani haukumchekesha, hata Shangazi aliyewauzia kahawa akamuuliza kama anaumwa.

Giza akaeleza. Kiwandani imeletwa mashine mpya ya kukata maboksi. Ina mota nne za servo, zile zinazochomoka mbio na kusimama ghafla kwa amri ya kompyuta, kutwa nzima. Imefungwa kwenye waya wa mashine ya zamani, ambayo ilikuwa mpole na haikujua haraka. Sasa mashine mpya ikichapa kazi kidogo, breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inakata na kila kitu kinazima. Meneja kachoka. Kampa breka kubwa zaidi, kamwambia aifunge kabla ya zamu ya asubuhi, na breka yenyewe ilikuwa humo mfukoni.

— Sasa unalia nini? aliuliza Tani Kumi, dereva mstaafu wa malori. Umepewa, funga. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

— Hiyo methali haihusu umeme, alisema Shangazi.

— Methali ni kama spana, Shangazi. Inategemea nati.

Kinyozi alitoka nje akimwacha mteja na nusu ya nywele kichwani. Huyu walimwita Wakili, maana hata akikukata sikio atakuthibitishia kwamba sikio ndilo lililosogea.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Mashine ni mgeni, breka ni mwenyeji. Mwenyeji kazidiwa, mletee kaka yake mkubwa.

Giza akasema alikuwa ameushika ule waya ukutani, akaukuta una joto la kikombe cha chai. Breka, alisema, haikuwekwa pale kuilinda mashine tu. Imewekwa kuulinda waya, ili ukizidiwa ikate kabla haujaungua; breka kubwa ingechelewa kukata.

Hawakumsikia vizuri, kwa sababu Wakili alikuwa ameshapata nadharia. Alisema kosa ni la zile mota: zikisimama ghafla zinarudisha umeme zilikotoka, nao unakutana njiani na umeme unaokuja. Tani Kumi akadakia kwamba hilo analijua, aliliona darajani: malori mawili, daraja jembamba, hakuna anayerudi nyuma. Dawa ni kuufundisha umeme upishane. Wakili akaona hiyo ni kazi ndefu; afadhali mota zifanye kazi kwa zamu, mbili mchana na mbili usiku, boksi likatwe upande mmoja leo na mwingine kesho. Mteja mwenye nusu ya nywele akachungulia mlangoni na kusema labda ile mashine imetamani kwao.

Giza alicheka kidogo. Kusema kweli, hakuja kutafuta nadharia. Alitaka mtu mmoja tu amwambie “funga, halina neno,” akalale. Naye Tani Kumi akamwambia hivyo hivyo, tena kwa upole, akimshika bega.

— Funga, mdogo wangu. Bosi kasema, mzigo ni wake. Wewe mkono tu.

Giza akaitikia kwa kichwa. Akaanza kufunga zipu ya mfuko.

Ndipo alipofika binti mmoja aliyevaa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Hakuwahi kuonekana kijiweni. Akamwamkia Shangazi, akawaamkia wote, kisha akamgeukia Tani Kumi.

— Mjomba, mama anakusalimu. Nimepata kazi kiwanda cha maboksi. Naanza asubuhi, nitasimamia ile mashine mpya.

Tani Kumi akamtambulisha kwa fahari: mtoto wa dada yake. Akamwambia asiwe na wasiwasi, fundi mwenyewe huyu hapa, ana breka kubwa mfukoni, mashine haitazima tena. Binti akauliza kwani ilikuwa inazima kwa nini. Giza, kwa kuwa hakuweza kumdanganya mtu atakayekaa pale, akamwambia waya ni mwembamba na unapata moto.

— Na huo waya umepita wapi?

— Ukutani. Nyuma ya kiti chako, karibu na rundo la maboksi.

Binti akautazama mfuko wa zana.

— Sasa ukishafunga hiyo breka kubwa, waya ukazidi kupata moto, mimi nitajuaje?

Shangazi aliacha kumimina. Giza akamtazama Tani Kumi, lakini mzee alikuwa anaitazama ovaroli ya mpwa wake.

Giza akatoa simu, akampigia meneja pale pale, mbele ya wote. Alimwambia hafungi. Kwanza utolewe waya wa zamani uvutwe mnene, upimwe kwa mota zote nne zikichomoka pamoja, kisha ndipo ichaguliwe breka ya kuulinda huo. Mpaka hapo mashine isimame. Meneja alifoka mpaka sauti ikasikika benchini, halafu akauliza waya wenyewe uwe mnene kiasi gani.

Giza akaanza kumweleza, taratibu, na benchi zima likamsikiliza.