Risasi Mbili Kitakoni: Mzee Lerionka Lemburis Anaikabidhi Bunduki

Mzee Lerionka Lemburis, mlinzi wa mashamba ya juu hapa Olkereyani, anastaafu leo Jumatatu, tarehe 30 Septemba 1957, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba na miezi minne kasoro siku moja. Nimehesabu mara mbili. Nilimwomba Bwana Meneja aongeze hiyo siku moja ili hesabu itimie, akajibu kwamba mwezi unaisha tarehe thelathini. Haya, na iwe hivyo. Mzee mwenyewe alicheka, akasema siku hiyo moja nimwachie nyati.

Iliyo kubwa kuliko miaka ni hesabu nyingine. Anaondoka na vidole kumi, macho mawili na mbavu zake zote mahali pake. Kwa mtu aliyelinda kahawa mpakani mwa msitu wa Meru muda wote huo, hilo halikuja bure. Mimi Kaanaeli Sumari, karani wa ghala, nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa bunduki yake ilipita mikononi mwangu kila asubuhi na kila jioni kwa miaka kumi na minne.

Alianza kazi tarehe 2 Juni 1930, kijana mwenye rungu na mbwa wawili, akifukuza ngedere kwenye migomba ya wafanyakazi. Mwaka 1934 nguruwe pori walipong'oa miche ya kahawa mia tatu na kumi kwa juma moja, shamba likampa bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Tangu hapo hajawahi kuiegemeza mtini, wala kuiazima mtu, wala kuifyatua kwa furaha, hata siku ya harusi. Waliomwomba afanye hivyo harusini wapo hapa na wanajijua.

Sasa niwaeleze wale wa ofisini na wa kiwandani ambao hawajui kazi ile. Mitutu miwili maana yake ni risasi mbili. Ukishazipiga, unaivunja bunduki katikati, yaani unaikunja kwenye bawaba ifunguke, unatoa maganda, unaweka nyingine. Kwa nyani hakuna haraka. Kwa nyati, maisha ya mtu yamo katika muda ule wa kutoa na kuweka, na muda huo unategemea jambo moja dogo ambalo ofisi haikulifikiria kamwe: risasi za akiba umezibeba wapi.

Ofisi ilimpa mkoba wa turubai wenye bizimu. Mle ndani alitia marisau madogo ya nyani na ndege, alitia zile za gololi moja nzito kwa ajili ya nyati, na alitia maganda matupu. Maganda, ndiyo. Kanuni ilikuwa kwamba ganda lisiporudi, risasi mpya haitoki. Kanuni sikuitunga mimi. Lakini mwenye kudai maganda dirishani nilikuwa mimi, na nilidai kweli kweli. Nilianza hapa kwa kubeba magunia, kusoma nikafundishwa na mwinjilisti, kushona ngozi nikajifunza peke yangu kwa kufumua matandiko ya punda na kuyarudishia. Mtu aliyepanda namna hiyo hapendi kuambiwa vitu vyake vimepungua. Mzee Lerionka alikuwa akinichungulia dirishani na kuniambia, "Karani, ningekuwa na mke mwenye wivu kama wako kwa maganda haya, ningehamia Olasiti."

Basi mkono wake ukazoea. Miaka kumi na tano, kila akipiga, anatoa ganda, analitia mkobani, ndipo anatafuta risasi nzima. Kwanza ganda, halafu uhai.

Jumanne tarehe 12 Aprili 1949 ilikuwa mvua tangu alfajiri. Akina mama walikuwa wakipalilia kipande cha juu kabisa, nyapara wao akiwa Mama Soila. Mzee alikuwa ameshafukuza nyani na kutumia risasi tisa za marisau. Saa nne hivi nyati dume akatoka msituni, akasimama hatua sitini kutoka kwa wale akina mama. Mzee akapiga gololi ya kwanza, akapiga ya pili. Mimi niko ghalani chini, nikazisikia zote mbili. Halafu kimya.

Kule juu, mzee aliivunja bunduki, akayatoa maganda mawili yanayofuka moshi, akayatia mkobani. Adabu ya karani. Akatumbukiza mkono mle mle, akatoa moja, akaitia mtutuni, akafunga, akalenga, akafyatua. Ikalia tak. Alikuwa ametia ganda tupu. Akajaribu ya pili: hiyo ilikuwa nzima, lakini risasi zetu za siku zile zilikuwa za karatasi ngumu, na karatasi ikinywa ukungu wa Meru inavimba. Ikaingia nusu ikakwama. Nyati alikuwa ameshainamisha kichwa.

Mzee alijitupa katika mfereji wa maji na kulala kifudifudi. Nyati akapita juu yake, akaondoka na nusu ya koti lake kwenye pembe, na akina mama wakapiga madebe mpaka akarudi msituni. Nyati huyo alikutwa amekufa kesho yake korongoni. Gololi zote mbili zilikuwa zimeingia pale pale palipotakiwa. Mlengaji hakuwa na kosa.

Mimi nilihesabu mpaka arobaini, nikaacha ghala wazi, nikapanda mlima mbio. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa mfereji, matope mpaka kwenye nyusi, anaokota maganda. Nikamwuliza ameumia wapi. Akaninyoshea kiganja. "Hesabu yako hii, karani. Hapa kumi. La kumi na moja limo ndani ya mtutu, litoe mwenyewe." Mama Soila alikuwa nyuma yake na jembe bado mkononi. Aliniuliza mbele ya watu wote, "Haya maganda, baba, huwa unayala?"

Nilishuka nayo yote kumi na moja. Kitabuni niliandika yamepokewa. Jioni ile nilikaa na saa ya ghala yenye mshale wa sekunde, na bunduki tupu, na nikaanza kupima. Kutoka mkobani, risasi mbili huchukua sekunde kumi na tisa. Kutoka mfuko wa koti, kumi na mbili, pamoja na makombo ya ugoro. Kutoka mkanda wa kiunoni chini ya koti, tisa, lakini humo angalau zinakaa kavu. Nyati mwenye hasira kwa hatua sitini anahitaji tano. Kwa hiyo gololi mbili za akiba ilibidi zikae juu ya bunduki yenyewe, kitakoni, pale mkono unapopita bila kuulizwa. Nikaamua nitashona ala ya ngozi.

Hapo ndipo nilipojua ukaidi wa Mzee Lerionka. Na haki yake pia niiandike, kwa sababu ala nne za kwanza zilistahili kukataliwa. Ya kwanza niliishona upande wa kushoto wa kitako. Mimi sikuwa nimewahi kupiga bunduki, sikujua kwamba shavu linalala pale. Alirudi na alama mbili za shaba usoni, akasema nimemwekea chale za ukoo asioujua. Ya pili niliihamishia kulia, lakini risasi zilitazama chini, na aliporuka mfereji zote mbili zikamwagika. Ya tatu nikazigeuza, shaba juu, ukingo wake ukazuia zisipite. Hiyo ingefaa. Ila mzee, kwa kutaka isinywe maji, akaipaka mafuta ya kondoo usiku na mchana kama mtoto mchanga, akaitundika nje, na asubuhi akakuta mbwa wake mwenyewe amemaliza kula ala na anaanza mkanda. Alikuja ghalani na kipande cha kifungo, akasema mbwa amesema ahsante. Ya nne niliitia risasi sita, nikidhani wingi ni usalama. Bunduki ikalemea nyuma. "Umenipa bunduki au mbuzi mwenye mimba?" aliuliza, na nyani walimcheka siku tatu.

Ya tano ilichukua miezi minane. Nafasi mbili tu, upande wa kulia, shaba juu, na kifuniko kinachofunguka kwa dole gumba. Marisau madogo yalikwenda kwenye mkanda chini ya koti. Mkoba ukabaki wa maganda peke yake, na bizimu lake nikalikata. Badala ya mafuta ya kondoo tukatumia nta ya nyuki, ambayo mbwa haitaki na maji hayaipendi. Kwa ala hiyo nilipima sekunde nne, na mzee baada ya kufanya mazoezi mwezi mzima uani kwake, mkewe Nasieku akimshikia saa na kumkemea, alifika tatu na nusu.

Naandika yote haya kwa kirefu kwa sababu moja. Mwaka 1953 alikuja mgeni mkubwa akaishika ala ile, akaisifu, akauliza imetoka wapi. Akajibiwa, mbele yangu, kwamba iliagizwa Nairobi. Ndugu watumishi, ngozi ni ya ndama wa Lomayani wa Olasiti. Uzi nilipewa na fundi viatu wa Ngarenaro. Nta ilitoka kwenye mizinga ya Olmotonyi. Ushonaji ni wangu, na ukaidi uliofanya uwe ushonaji mzuri ni wa Mzee Lerionka. Nairobi haikuchangia hata shazia, sindano ya magunia. Nimelibeba neno hili miaka minne, leo nimelitua, na nasikia mgongo mwepesi.

Kama ala ile ilifaa, aulizwe Mama Soila. Agosti 1952, katikati ya mavuno, nyati mwingine aliingia mistari ya wachumaji, saa tatu asubuhi, ukungu haujainuka. Nilikuwa napima magunia. Nikasikia mlio wa kwanza. Nikasikia wa pili. Mikono yangu ikasimama, nikaanza: moja, mbili, tatu, nne. Hapo ukalia wa tatu. Sijui kama nimewahi kusikia sauti tamu kuliko hiyo, na mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nilikaa chini juu ya kahawa ya watu. Nyati alianguka hatua nane kutoka kwenye kikapu cha Mama Soila. Yeye anasema ni sita. Tumebishana miaka mitano, na leo, kwa heshima ya mzee, nampa saba.

Maganda ya siku ile hakuyaleta jioni. Aliyaleta siku ya tatu, akayaweka dirishani. Nami niliyapokea. Kanuni ilikuwa bado ipo, na nilikuwa nimeshaiandikia ofisi barua mbili kuhusu kanuni hiyo. Baadaye niliandika ya tatu, na ya nne. Jibu lilikuwa kila mara kwamba utaratibu uliopo unatosha. Aliyeandika hivyo hakuwa amelala mferejini.

Barua ya tano niliipeleka Julai mwaka huu, na safari hii sikueleza chochote. Niliandika sekunde tu: kumi na tisa, kumi na mbili, tisa, nne, na chini yake, tano za nyati. Mzee aliweka dole gumba lake. Jibu limekuja Alhamisi iliyopita. Kuanzia kesho maganda yatarudishwa mwisho wa mwezi, na yakipungua mlinzi ataeleza kwa mdomo. Na kila bunduki ya shamba itakuwa na ala ya risasi mbili kitakoni. Walinzi ni watatu. Ala ziko tayari. Nilizishona kabla ya jibu, maana kutegemea ofisi ni jambo moja na kutegemea mvua ni jingine.

Mzee Lerionka anarudi bomani kwake kwa Nasieku, kwa ng'ombe kumi na wanne na shamba la mahindi ambalo, ameniambia, nyani wake wanalisubiri kwa hamu kwa sababu wanajua hana tena bunduki. Asubuhi ya leo ameirudisha. Nimeivunja, nimechungulia mitutu, safi. Mkanda upo. Mkoba upo. Risasi mbili za gololi zimo kitakoni, kavu, zimemaliza mwezi mzima bila kuhitajika. Nimezipokea, nimeandika mbili.

Ala hiyo ya tano haimo katika orodha ya mali ya shamba. Nimetafuta. Kilichoagizwa Nairobi kingekuwa na karatasi, na karatasi haipo. Kwa hiyo si ya ofisi, ni yake, na leo tutampa mbele yenu. Ndani yake nimetia kitu kimoja: lile ganda la kumi na moja, nililolitoa mtutuni kwa mkono wangu mwaka 1949. Kitabuni nilisema limepokewa, na ni kweli lilipokewa. Limekaa kwenye droo yangu miaka minane. Sasa, mzee, narudisha. Mimi sikudai tena, na wewe usiniletee.

Kwa niaba ya akina mama wa kipande cha juu, wachumaji, walinzi wenzako na ghala zima, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyosimama kati yetu na msitu. Nenda ukalale mpaka jua likukute kitandani. Nami kesho, bunduki ikilia mara mbili kule juu, nitahesabu bado kwa ajili ya mwingine. Lakini jina lako halitakuwamo katika hesabu hiyo, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ishi salama, Mzee Lerionka, wewe na wako, na uzeeke taratibu.