Rudisha Jina la Watoto

Kahindo, niinue kidogo kwenye mito, nikilala chali pumzi inanikimbia. Na wewe Moïse, toka pale mulangoni, ukae hapa nikuone uso. Munisikilize, wanangu, maana hasira hii sitaki kwenda nayo kwa marehemu mama yenu.

Nyumba hii ni yenu wawili, hakuna wa kumufukuza mwenzake. Studio ya picha ni ya Kahindo. Hayo yamekwisha. Sasa tuongee lile jina.

Munajua jinsi kazi ile ilianza. Watu walipokimbia vita na kujaa kambi ya Kanyaruchinya, nilipita kwenye mahema nikipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi njiani, na Kahindo akaziweka kwenye internet, kwenye huduma ile ya kushirikishana picha, kila mutu azione bure. Lakini anwani tuliyopewa ilikuwa ndefu, herufi na namba zimechanganyikana. Mutangazaji wa redio alijaribu kuisoma, akacheka, akaacha. Ndipo Kahindo akasema, "Papa, tuchukue jina letu wenyewe, fupi, hata bibi wa Kibumba alishike kwa kulisikia mara moja." Nikachagua Tuko Hapa. Moïse, ni wewe ulijitolea kuliandikisha. Mukakaa wawili kwenye meza yangu, wewe ukilielekeza jina kule picha ziliko, dada yako akithibitisha upande wa pili, nami nikiuliza mpaka nikaelewa: picha zinakaa kwa hawa, jina linakaa kwa wale, na mwenye kushika jina ndiye anaamua litawafikisha watu wapi. Tulipoandika Tuko Hapa na nyuso za watoto wale zikatokea, nililia mbele yenu.

Ukabaki nalo wewe. Ukalikodisha kwa watu wa kamari ya mupira!

Redio iliendelea kulitangaza. Mukamugema, yule mama wa Kibumba aliyepotezana na binti yake Donatille barabarani, akaazima simu ya jirani, akaandika jina, akaona wachezaji wa mupira na maneno Cheza Ushinde. Alifikiri tunamufanyia muzaha, akakata tamaa. Siku moja akapata nguvu ya kuja studio. "Muzee," akaniambia, "mutoto wangu munamuchezea kamari?" Nikamufungulia picha kwa ile anwani ndefu. Akamutambua Donatille, akaanguka chini akipiga kelele za furaha. Lakini masista wa Mugunga waliomutunza walikuwa wamengoja, wamengoja, hakuna mzazi aliyejitokeza, wakamupeleka mutoto Bukavu pamoja na wengine. Hadi leo hawajaonana.

Nawe nilipokuita ulijibu nini? "Papa, ni jina tu, picha bado ziko." Jina tu! Rudia hapa, dada yako asikie. Mama yule angelijua picha ziko wapi kwa njia gani, kwa ndoto?

Nipe maji, Kahindo. Basi.

Moïse, toa simu. Leo, si kesho. Ingia, ufute uelekeo wa watu wale, urudishe ule wa picha. Halafu andika Kahindo kuwa mwenye jina. Nawe Kahindo, kila mwaka ulilipie kabla halijaisha, maana likianguka mutu mwingine ataliokota. Utafute namna Mukamugema afike Bukavu. Uza aparei yangu kubwa ya kupigia picha ikibidi. Ndugu yako usimunyime chakula, lakini jina usimurudishie hata akipiga magoti.

Unasema mabadiliko yanachukua masaa kuenea? Basi anza. Mimi siwezi... ninyi mutaangalia.

Kahindo, Mungu akulinde, mikono yako isichoke. Moïse... usifikiri hasira imeisha kwa sababu sauti imeshuka. Kuja karibu. Inama, mukono wangu hauinuki. Mungu akupe moyo wa haya. Akupe watoto. Asikuonyeshe hata siku moja kumutafuta mumoja wao bila...

Amina. Sasa bonyeza.